Pole Yangu kwa Kiingereza

Mtoto alianguka ngazini, nikamwambia sorry. Hilo tu ndilo nililolifanya, na kwa hilo nusura nifukuzwe kazi.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nisubiri zipoe. Zilipewa muda wa kupoa na hazikupoa.

Nasomesha Kihispania katika skuli moja ya sekondari mashariki ya London, si mbali na Ilford ninakokaa na dada yangu mkubwa. Ndiyo, Kihispania. Najua. Mwanamke wa Kizanzibari, mtandio kichwani, anawafundisha watoto wa Kiingereza, wa Kibangali na wa Kiromania kusema buenos días. Kila mwaka hakosi mzazi mmoja wa kuniuliza kwa upole nimetokea wapi hasa. Nikimjibu huniuliza tena, sasa Kihispania nimekipatia wapi, kama kwamba nimekiokota njiani na natakiwa nikirudishe kwa mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, na watoto wangu wa mwaka wa saba walikuwa wanashuka kwenda kula. Mimi nilisimama chini ya ngazi, nimeushika mlango uwe wazi, kwa sababu mlango ule ni mzito na hujifunga wenyewe. Msichana mmoja mwembamba, ambaye darasani hujibu kwa sauti ndogo lakini hakosei, alikosa kipandio akaja chini mzima mzima na kuuangukia mkono wake. Nilisikia alivyolia. Nikauacha mlango, nikapiga magoti pale sakafuni, na mdomo wangu ukatoa kile ambacho umekuwa ukikitoa tangu nijue kusema. Sorry, mwanangu, sorry, sorry, oh, sorry sana.

Mtu aliyekulia Unguja hahitaji kuelezwa. Mtu akijikwaa mbele yako unasema pole. Akiangusha sahani, pole. Akitoka kazini, pole na kazi, akitoka safari, pole na safari. Mgonjwa hupewa pole, mfiwa hupewa pole, na aliyenyeshewa na mvua naye hupewa yake, na hajatokea mtu hata mmoja akadhani kwamba wewe ndiye uliyeileta ile mvua. Usiposema, watu watatazamana na kuulizana umelelewa na nani. Tulipokuja London pole yetu tuliivisha nguo ya Kiingereza, ikawa sorry, na tangu hapo tunaigawa bure kwenye mabasi, mahospitalini na kwenye foleni za sokoni. Wenyeji hutushangaa. Mtu kajigonga goti mwenyewe kwenye kiti, na wewe uliye safu ya nyuma unamwambia sorry. Hucheka kidogo, na safari huendelea.

Skuli hawakucheka. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa juu ya ngazi alinisikia, na alipoulizwa aliyasema aliyoyasikia. Jioni yake nilimpigia simu mama wa mtoto, maana mtoto wa darasa langu kavunjika mkono, ningelalaje bila ya kumpigia? Nikamwambia naye, I'm so sorry. Alinishukuru. Alilia kidogo, nikamwambia tena.

Kesho yake naibu mkuu wa skuli akaniita ofisini kwake. Ni mwanamume mrefu, wa sauti laini, na akitaka kukuambia jambo baya hulaza kichwa upande. Siku ile alikilaza kabla hata sijakaa. Akasema kuna wasiwasi kwamba ule mlango niliouacha ulimgonga mtoto, au labda nilimshika mkono ili aharakishe. Aliyekuwa juu hakuona vizuri, na mtoto mwenyewe anasema hakumbuki. Lakini akasema liko jambo moja lililo wazi. Mimi mwenyewe niliomba msamaha, tena mara nyingi na mbele ya watu, kisha nikampigia mzazi nikamwomba na yeye.

Tulizungumza Kiingereza, bila shaka. Hapa maneno yake nayatia kwenye Kiswahili, naye avumilie kama nilivyovumilia mimi.

"Mtu asiye na kosa," akasema, "kwa kawaida haombi msamaha mara zote hizo."

"Sikuomba msamaha. Nilimpa pole."

"Ulisema sorry?"

"Nilisema."

"Basi," akasema, na mikono akaifungua kama mtu aliyemaliza hesabu.

Nikaambiwa nikae nyumbani mpaka uchunguzi umalizike. Hii si adhabu, akaniambia, hatua hii haielemei upande wowote. Nikakusanya koti langu na mwavuli, nikatembea mpaka lango la nje huku karani wa mapokezi akinisindikiza asije mtoto akanisemesha. Kama hiyo si adhabu basi sijui adhabu kwao inakuwaje. Na nilijua vyema kilichokuwa kinaning'inia. Mwalimu akishaandikwa kwamba amemdhuru mtoto, nchi hii hasomeshi tena, si skuli ile wala nyingine, na mimi kazi nyingine siijui wala siitaki.

Nyumbani dada yangu alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, birika mkononi. Yeye ameingia London miaka mingi kabla yangu, na anafanya kazi ya kuangalia wazee majumbani mwao.

"Wee, si kujitakia huku?" akasema. "Hawa watu sorry kwao ni evidence! Mie siku ya kwanza ya training tumeambiwa wazi, client akianguka usiseme sorry, sema are you all right. Basi nikiwa kwenye shift mdomo naufunga. Nikifika nyumbani ndiyo nazisema pole zangu zote."

"Hata mzee wa watu akianguka?"

"Hata akianguka. Namwinua, roho inaniuma, kimya." Akaweka birika chini. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mama alikuwa hatwambii? Mtoto kajikwaa kidole, wewe umejikwaa ulimi. Na wa kidole anapona."

Binti yake alikuwa mezani na kompyuta yake. Amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata neno. Hakuinua macho. "But you did say it though," akasema.

Nilitoka jikoni nisije nikamrushia kitu.

Siku zilizofuata sikuwa na la kufanya. Nyumba ilikuwa tupu mchana kutwa, dada kazini, binti yake chuoni. Nilikunja nguo za watu wote. Na katika kukunja nilimkumbuka mwanamke mmoja wa mbali sana na Ilford, ambaye kama angekuwa naibu mkuu wa skuli ile, kesi yangu ingemalizika kabla chai haijapoa.

Kabla ya kazi hii nilikaa Ekwado, Amerika ya Kusini, katika mji mdogo wa pwani ya kaskazini wenye joto la kulowana na mvua isiyobisha hodi. Nilikwenda kusomesha Kiingereza. Nilikuwa na pasipoti ya Uingereza, shahada ya Uingereza na Kiingereza chenyewe. Lakini mkuu wa skuli aliyekuja kunipokea kwenye kituo cha basi alinisalimia haraka haraka kisha akachungulia nyuma yangu. Alikuwa anamtafuta mwalimu wa Kiingereza. Basi likaondoka bila ya kushuka mtu mwingine, ndipo akanirudishia macho. Ile sura yake ninayo mpaka leo, na nikitaka kukasirika bila sababu mpya huitoa nikaitazama.

Na wenyeji wenyewe walikuwa weusi kama mimi. Sokoni wanawake walinisemesha mbio mbio wakidhani mimi binti wa fulani wa huko juu ya mto, na nikikosa jibu walinuna. Waliniona najivuna. Wafanyakazi wa kujitolea wa kizungu, wasiojua Kihispania hata cha kuombea maji, walivutiwa viti na kupepewa. Mimi nisiyekijua nilikuwa mtoto wa watu aliyekosa adabu. Lilinikera hilo, nikaapa nitakijua Kihispania mpaka niweze kugombana kwacho. Wenzangu walikuwa wanajifunza ili wasafiri, mimi nilijifunza ili niwajibu watu, na niliwapita wote.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, fundi cherehani aliyeacha kushona kwa ajili ya macho, mnene, asiyenyamaza. Nilimwita doña, ambayo ndiyo bibie ya kwao. Hakujua neno la Kiingereza na hakutaka kulijua. Alinifundisha kwa kupiga vitu kofi na kupaza sauti. Mesa, akapiga meza. Nikamwambia hata kwetu ni meza. Bandera, akaonesha bendera ya skuli dirishani. Kwetu bendera. Akadhani namfanyia mzaha. Nikajaribu kumweleza kwamba Mreno alipita pwani yetu zamani akatuachia maneno, na kwamba Mreno na Mhispania ni majirani. Kwa Kihispania changu cha wakati ule ikatoka kwamba nina jirani Mreno ameniibia meza. Akanihurumia sana, akaniongezea samaki. Samaki mwenyewe wa kupikwa kwa tui la nazi, ndizi mbichi za kuchemsha pembeni, na akaniapia kwamba chakula hiki ulimwenguni hakipikwi popote ila pale. Nikanyamaza kwa adabu, nikala.

Basi siku moja akafa mzee wa nyumba ya jirani. Doña akasema twende. Msiba haukunitisha, kwani ulikuwa msiba ninaoujua, viti vya kuazima, kahawa, wanawake jikoni, wanaume nje wakizungumza mambo mengine. Kilichonitisha ni neno. Njiani nilikuwa nalitafuta. Kichwani mwangu lilikuja pole. Nikalipitisha kwenye Kiingereza, likawa sorry. Nikaiuliza simu yangu sorry kwa Kihispania ni nini, nayo ikanipa perdón. Nikaingia ndani, nikamshika mikono miwili binti wa marehemu, na kwa moyo wangu wote nikamwambia, "Perdón, señora. Perdón, perdón."

Akaacha kulia. Akamtazama doña, kisha akanitazama mimi.

"Perdón ya nini?" akauliza. "Umefanya nini?"

Nyuma yake mwanamume mmoja akaweka kikombe chake chini. Mzee alikuwa amekufa ghafla, asubuhi alikunywa chai vizuri, na sasa mgeni asiyejulikana ameingia na machozi anaomba asamehewe.

Doña alinivuta mpaka uani. Hakupaza sauti mara hii. Perdón, akaniambia, ni ya mwenye kosa. Umemkanyaga mtu, umemvunjia kitu, umemsengenya akakusikia, unasema perdón. Aliyefikwa na jambo anaambiwa lo siento. Akajigonga kifua. Siento, siento. Nikamuuliza, siento kama vile mtu anavyosema siento frío, siento hambre? Hiyo hiyo, akasema, kwani ziko ngapi?

Na sisi tunasema hivyo hivyo. Nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia uchungu, na masikio hayahusiki. Lo siento, basi, ni nalisikia. Hilo lililokupata, na mimi nalisikia. Nilisimama kwenye ua ule, kuku wananipita miguuni, nikawa natamani kucheka kwenye msiba wa watu. Watu hawa hawajawahi kutuona na wameyatenga yaleyale tuliyoyatenga sisi, pole huku na samahani kule. Kiingereza ndicho kilichovitia vyote katika chungu kimoja. Na mimi nilikuwa nimekiamini Kiingereza kinivushe kutoka lugha moja kwenda nyingine. Nikarudi ndani nikalisema sawasawa. Binti akanikumbatia, akaulaza uso wake begani kwangu, akalia vizuri. Yule mwanamume akakichukua kikombe chake.

Hazikupita siku nyingi nikafika kwenye somo la sorry darasani. Msichana aliyekuwa anakaa mbele kabisa, mjeuri kidogo, nilimpenda kwa hilo, akauliza, "Profe, sorry ni lo siento au ni perdón?"

Nikasema ni zote mbili.

Darasa zima likapiga kelele. "Sasa wao wanajuaje?" akauliza. "Mtu akisema sorry, wanajuaje kama amekiri kosa au amekuonea huruma tu?"

Nikawaambia, kwa uso. Unamtazama mtu usoni, utajua. Nilisema hivyo bila ya kusita, kama mtu anayeijua Uingereza, na wao wakaliandika.

Basi huku Ilford nilikaa nyumbani mpaka nikachoka na dirisha. Kwenye kundi la simu la akina mama wa Kizanzibari wa Ilford habari ilishafika kwamba mwalimu mmoja wa kwetu kamsukuma mtoto wa watu ngazini. Hakuna aliyenitaja. Walinipigia mmoja mmoja kuniuliza afya. Hatimaye nikaitwa kikao. Alikuwapo naibu mkuu na mwanamke wa HR ambaye alikuwa anapiga chapa kila ninalosema, hata nilipokohoa nilisikia vidole vyake.

Nikawaeleza. Nilijitayarisha kama ninavyotayarisha somo. Niliwaambia kuhusu pole, na kwamba kwetu asiyesema ndiye mwenye lawama. Niliwaambia kuhusu lo siento na perdón, na yule mwanamume na kikombe chake. Mwanamke wa HR alitabasamu mahali pa kutabasamu. Nikadhani nimefika.

"Inavutia sana," akasema naibu mkuu. Kichwa kikalala. "Lakini siku ile ulikuwa unazungumza Kiingereza."

Nikafungua mdomo nimjibu.

"Na wewe ni mwalimu wa lugha," akaongeza. "Kuliko mtu yeyote hapa, wewe unajua maneno yana maana gani."

Mimi ni mtu wa hasira tangu utoto, na nimejua hasira za namna nyingi, lakini ile ilinishika miguuni kwanza, ikapanda. Kwa miaka yote wamekifurahia Kiingereza changu. Wamenipa wageni niwatembeze. Nikisema jambo zuri, lugha ni yangu na pongezi kwa skuli. Nikisema jambo wasilolielewa, Kiingereza kinarudi kuwa chao na mimi nimekitumia vibaya. Akaniuliza tena nilimaanisha nini. Akaniuliza kwa njia nyingine. Uliposema sorry, kichwani mwako ulikuwa unafikiria nini? Nilikuwa nafikiria mkono wa mtoto, nikamwambia, umepinda pasipopindwa. Vidole vya HR vikaenda.

Halafu naibu mkuu akaja na ya kwake. Akasema pengine, katika haraka zile, mlango uliniponyoka. Si makusudi. Kama nitakubali tu kwamba uliniponyoka, yataishia kwenye onyo, nitarudi darasani wiki ijayo na mzazi ataridhika. Alilisema kwa huruma. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alijiona ananisaidia.

Nikaomba siku za kufikiri. Dada yangu hakuhitaji siku.

"Kubali," akaniambia, chakula hata hakijapakuliwa. "Shika hiyo warning yao, rudi kazini. Mortgage haijui pole wala perdón."

"Mlango haukuniponyoka, dada."

"Najua."

"Sasa nikubali uongo?"

"Mdogo wangu, mie nimekubali mangapi? Mzee kaficha pete yake mwenyewe, nikaambiwa nimeiba, nikasema sorry. Nikasema nikabaki kazini. Leo tunakula."

Hilo hakuwahi kunisimulia. Alilisema huku anapakua, mgongo umenielekea, na mwiko ukagonga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilimkasirikia kwa kukubali, kisha nikawakasirikia waliomkubalisha, kisha nikakosa wa kumkasirikia nikakaa. Nikamwambia pole. Akasema aa, ya zamani hayo, kula.

Kesho yake niliwaandikia skuli kwamba mlango niliuacha kwa hiari yangu baada ya mtoto kuwa yuko chini, ili nimshike, na kwamba kosa sikulifanya na msamaha sikuuomba wala sitauomba. Dada alisoma juu ya bega langu akasema wewe utatutia barabarani. Nikaituma.

Nikangoja. Sina la kusimulia kuhusu kungoja kule ila kwamba nilikuwa na hofu, hofu ya kweli, na kwamba kila simu ilipolia nilijiona niko kwenye duka la mtu napanga makopo, nikimwambia mtu Kihispania nilikijua zamani.

Kilichoniokoa hakikuwa maelezo yangu, na hilo nataka lijulikane. Aliniokoa yule mtoto. Siku ile alikuwa anashuka ngazi huku anaandika kwenye simu, na simu skuli ile ni marufuku, ukikamatwa nayo inachukuliwa mpaka mwisho wa muhula. Ndiyo maana "alikuwa hakumbuki". Alikaa na siri yake na mkono wake uliofungwa plasta, mpaka akasikia mama yake akisema kwenye simu kwamba yule mwalimu wa Kihispania hatarudi. Hapo akalia, akaeleza yote. Mama mwenyewe ndiye aliyeipigia skuli.

Wakaniita nirudi. Asubuhi hiyo mama na binti walikuwa wananisubiri langoni. Mama alinishika mkono, kisha akamsogeza binti mbele. Msichana aliangalia viatu vyake. "I'm sorry, miss," akasema, na alipoinua uso niliona kidevu kinamtetemeka. Hiyo haikuhitaji mfasiri. Ilikuwa perdón, nzima, yenye mwenyewe. Nikamwambia yamekwisha, nikamuuliza mkono unasemaje, na kwa makusudi kabisa, pale langoni, mbele ya karani wa mapokezi, nikamwambia pole kwa Kiswahili. Akauliza ni nini. Nikamwambia atajifunza.

Kisha nikapanda kwa naibu mkuu. Alikuwa ananisubiri amesimama, kanikaribisha, kanipa ratiba yangu. Akasema amefurahi mambo yamekaa sawa. Akasema ninaelewa, bila shaka, kwamba utaratibu ni utaratibu. Akasema kwa siku za mbele ingefaa nichague maneno kwa uangalifu, hasa na wazazi. Nilisimama nasikiliza. Alipomaliza akakaa, akaivuta kompyuta yake, akaanza kusoma kitu, na macho yakiwa hukohuko kwenye kioo akasema, "Anyway. Sorry about all that."

Nilimtazama usoni, kama nilivyowafundisha watoto wa watu kule pwani. Nilimtazama vizuri. Hamkuwa na kitu. Haikuwa pole, maana hakuna alichokisikia. Haikuwa samahani, maana hakuna alichokikiri. Mimi neno hilohilo nililitoa nikiwa nimepiga magoti, na kwa ajili yake nikahojiwa mpaka nikaulizwa kichwani mwangu mlikuwa na nini. Yeye alilitupa juu ya meza huku anasoma barua pepe.

"Ipi?" nikamuuliza. "Which one?"

Akainua kichwa, mara hii kimenyooka.

"Pardon?" akasema.

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka. Asante."

Hakuelewa, na sikumweleza. Mimi nilishaeleza.